Ndugu mhariri, huu ubishi wa papa na mamba niachieni mimi

Ndugu mhariri salaam, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua ukurasa wenyewe mdogo na barua yangu ndefu, ukiona imezidi kata popote ila usiguse kule mwishoni kwenye habari ya kuteka maji, maana hiyo ndo imenifanya nishike kalamu, haya mengine ni ubishi tu wa kahawa.

Kuna msomaji wenu wa Lindi mjini aliandika kwamba papa mkubwa ana nguvu kuliko mamba mkubwa, eti papa anakata chuma, eti mamba akimuona papa anampisha njia. Gazeti lilivyofika kijiweni kwetu Shangani hapa Mtwara kahawa ilipoa kwenye vikombe, watu wazima wenye wajukuu nusura washikane mashati. Mimi nikaitwa niamue kwasababu wananijua asili yangu, baba yangu ni mtu wa mtoni, nimezaliwa kijiji cha kando ya Ruvuma ambapo jioni unaona moshi wa wenzetu wa Msumbiji wakipika ng'ambo, na mama yangu ni mtu wa Msimbati, wajomba zangu wote ni watu wa jarife, ule wavu wa papa. Yani upande mmoja nimelelewa na hadithi za mamba upande mwingine hadithi za papa. Alafu kazi yangu yenyewe ni kupaa samaki hapa feri, mwaka wa ishirini huu, shombo limeshaingia mpaka kwenye kitambulisho.

Sasa hilo la kukata chuma. Nimepasua papa wengi sijawahi kukuta chuma tumboni. Nimekuta samaki wazima, nimekuta pweza, nimekuta kipande cha wavu, siku moja nimekuta kandambili ya mtoto, nzima kabisa, hata namba yake inasomeka. Angekuwa wa kukata chuma asingeshindwa kandambili.

Ila sisemi kwamba papa ni mnyonge, asije mtu akanisingizia. Kusi ya mwaka juzi vijana wa mjomba walileta mmoja wamemburuza kutoka mashua watu sita, mkubwa kuzidi kitanda changu, mnene wa kifua, pua fupi butu, macho madogo kama ya mtu anayekudai. Huyu Wazungu wamempa jina la dume la ng'ombe kwahiyo na mimi namwita papa fahali. Ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ngozi ni laini, rudisha mkono kinyume uone, ni msasa mtupu, mimi viganja vyangu vinajua. Ukifika uti wa mgongo kisu kinapita kama unakata muhogo mbichi kwasababu papa hana mfupa hata mmoja, ni gegedu tupu kama hili la sikio lako. Ini lake peke yake lilijaza beseni na likabaki, likaenda kuchemshwa sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua, na hilo ini la mafuta ndo linamsaidia asizame maana papa hana kile kibofu cha hewa walichonacho samaki wengine. Nikafungua mdomo. Meno ya mbele yamesimama, pembetatu, ukingo wake una vijino vidogo vidogo kama msumeno, na nyuma yake yamelala mengine safu kwa safu yanasubiri zamu, kama wakulima kwenye foleni ya benki siku pesa ya korosho imeingia, likitoka la mbele la nyuma linasogea. Na kichwa kilikuwa kimeshakatwa, kimewekwa pembeni, kijana mmoja akapitisha mguu hovyo, taya likafunga. Likachana buti la raba mpaka soksi. Kichwa bila mwili bana! Tangu siku hiyo yule kijana anazungukia mbali.

Kwahiyo meno ya papa nayajua, ni meno ya kukata. Akishauma anatikisa kichwa kushoto kulia, ule msumeno unafanya kazi, anaondoka na pande lake.

Mamba sasa. Nilikuwa na miaka kama kumi, tumepeleka mbuzi wa babu kunywa maji, kiangazi, Ruvuma imepungua imebaki mikondo na mafungu ya mchanga. Maji yametulia kabisa. Sikuona macho, sikuona pua, sikusikia chochote, niliona tu maji yanafunguka na mbuzi jike mkubwa ameshaingia mpaka bega. Kaka yangu na binamu wakarukia miguu ya nyuma wakavuta, na mimi nikamshika kaka kiunoni navuta, ujinga wa utoto, saivi mwanangu akifanya hivo namchapa. Yule mamba kwanza hakuvuta hata. Alishikilia tu. Alafu akajizungusha, mwili mzima, tumbo jeupe likaonekana likapotea likaonekana tena, mara mbili tu, tukaanguka chali kwenye mchanga na mguu wa mbuzi tumebaki nao mkononi. Mguu peke yake. Babu alivyokuja akautazama, akasema haya beba tukale, ndo fungu letu hilo.

Niliwaambia pale kijiweni, jino la mamba mmeliona? Ni kama msumari mnene, mviringo, halina makali. Mamba hawezi kukata nyama wala hawezi kutafuna, kazi ya jino lake ni kushika lisiachie, na kwasababu hawezi kukata ndo maana anajizungusha, ananyofoa kama wewe unavyonyofoa muwa. Kwahiyo papa kashika msumeno, mamba kashika plaizi, sasa fundi gani anauliza kati ya plaizi na msumeno kipi kina nguvu? Inategemea unataka kufanya nini. Nilidhani nimemaliza, mzee mmoja akasema wewe acha kukwepa, sema kilo.

Haya, kilo. Mwanangu yuko sekondari akanisaidia kwenye simu yake, tulikaa usiku mpaka bando likaisha. Kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Gregory Erickson, yeye na wenzake wa chuo cha Florida walichukua kipimo wakakiweka mdomoni mwa mamba wazima wazima, walio hai, wakawang'atisha, aina zote 23 za mamba na ndugu zao, majibu wakayatoa 2012. Aliyeongoza alikuwa mamba wa maji chumvi, wale wa Australia na Asia, siyo huyu wetu wa Ruvuma ila ni ndugu yake wa karibu, ana mita nne na nusu na kidogo, aling'ata kwa nguvu ya niutoni 16,414. Kwa lugha ya mzani ni kama kilo 1,670 zimekaa juu ya jino. Kwa papa hakuna aliyemng'atisha mkubwa kipimo, nani ataenda. Stephen Wroe wa Australia na wenzake 2008 walipiga picha kichwa cha papa mweupe wakaingiza kwenye kompyuta wakapiga hesabu, wakasema papa mweupe mkubwa kabisa wa mita 6.4, mwenye uzito wa zaidi ya tani tatu, angeng'ata niutoni 18,216, yani kama kilo 1,850.

Mzee akapiga makofi, si unaona, papa kashinda. Nikamwambia tulia mzee wangu. Huyo wa kwanza kapimwa kweli, huyo wa pili ni hesabu ya kompyuta. Halafu huyo mamba aliyepimwa ana nusu tani tu na kidogo, huyo papa ana mara sita yake, na tofauti ya kung'ata kwenyewe haifiki hata kilo 200. Mpe mamba mwili wa papa uone. Na papa mweupe huku kwetu ni nadra, yeye kwao ni maji ya baridi huko Afrika Kusini na Australia. Huyu papa fahali ambaye kweli anafika maji yetu alishapigiwa hesabu na watafiti wa Florida, mmoja wa karibu mita tatu, meno ya nyuma yalitoa kama kilo 600, ya mbele kama 217. Sasa hapo mamba anamzidi karibu mara tatu. Kijiwe kikanyamaza kidogo, muuza kashata akapata nafasi ya kupita.

Lakini na mamba nae ana aibu zake. Hiyo misuli yote ni ya kufunga mdomo, ya kufungua ni dhaifu kabisa. Miaka ile ile walikuja watu wa wanyamapori wakamnasa mmoja kijijini, mkubwa, tukakusanyika wote, unajua walimfunga mdomo na nini? Ukanda wa tyubu ya baiskeli. Hilohilo taya lililonyofoa mbuzi wa babu limefungwa na mpira wa kubania mzigo kwenye keria na hakulichana, anatoa macho tu. Alafu pumzi ya vita hana. Kishindo cha kwanza ni cha kutisha, baada ya hapo misuli inajaa uchovu, damu yake ni ya baridi inachukua masaa kurudi sawa. Na hizi habari kwamba akikufukuza nchi kavu ukimbie zigizaga ni uongo, nchi kavu mtu mzima mwenye afya anamuacha, wewe kimbia moja kwa moja, hayo madansi ya zigizaga yanakuchelewesha bure. Papa nae ukimgeuza chali anazubaa kama amepigwa dawa, mjomba ananionyeshaga kwa hawa wadogo, kumbe nyangumi wale weusi na weupe wa Afrika Kusini nao inasemekana wameshaujua huo mchezo, kuanzia 2017 kule Gansbaai papa weupe walikuwa wakiokotwa ufukweni wamekufa, mwili upo ini halipo. Na mamba nenda kamuulize habari za kiboko. Kila mtu ana mwenyekiti wake.

Swali la kweli ambalo ndugu wa Lindi angeuliza ni wanakutana wapi. Mamba na papa hawakutani Feri wala katikati ya bahari, wanakutana mdomo wa mto, pale maji chumvi na maji baridi yanapochanganyika kwenye mikoko. Papa fahali ni papa wa ajabu, figo zake zinamruhusu kupanda mtoni, huko Zambezi wanamjua mpaka Wazungu wengine wanamwita papa wa Zambezi, na kule Amerika Kusini ameshaonekana ndani ya mto Amazoni maelfu ya kilomita kutoka baharini. Mamba nae ana uwezo wa kushuka mpaka kwenye chumvi. Kule ziwa la St Lucia, Afrika Kusini, wanaishi wote wawili, mamba wa aina hii hii yetu na papa huyo huyo, na aliyepatikana anamla mwenzie ni mamba. Australia nako, mto Adelaide, 2014 watalii wakiwa kwenye boti walimpiga picha mamba mmoja maarufu wanamwita Brutus, mguu mmoja wa mbele hana, amembeba papa fahali mdomoni anatembea nae kama mtu aliyetoka sokoni. Wenyeji wanasema huo mguu uliliwa na papa zamani, kama ni kweli basi alilipiza. Hata Marekani wale mamba wao wa Florida, ambao ni wapole kidogo kuliko wetu, wanakula papa wadogo, iliandikwa 2017.

Sababu iko wazi ukiifikiria. Kwenye maji ya kiuno papa hana pa kugeukia, hana chini ya kutokea, na baadhi yao lazima waogelee ndo wapumue, ukimbana amekwisha. Mamba anakanyaga chini, anapumua hewa kama wewe, anaweza kulala chini ya maji dakika nyingi anasubiri, akitulia na maji yakiwa baridi anapitisha hata saa nzima. Na mgongo wake ni magamba yenye mfupa ndani. Kwahiyo mdomo wa Lukuledi hapo mbele ya nyumba ya huyo ndugu yangu wa Lindi, au mdomo wa Ruvuma kwetu, hukumu yangu mimi, mamba.

Mjomba yeye alikataa. Alikuja mjini kuuza ng'onda akakuta kesi inaendelea, akasema mpeleke huyo mamba wako maili kumi nje kwenye maji ya buluu ndo tuongee. Na hapo nampa, mjomba ana haki. Mamba anaweza kwenda baharini, kuna mmoja wa maji chumvi alifungwa kifaa cha kumfuatilia kule Australia akaenda kilomita 590 kwa siku 25, ila alikuwa anabebwa na mkondo, mkondo ukigeuka anapanda ufukweni anasubiri daladala nyingine. Huyo ni abiria bana, siyo mwenyeji. Kwenye kina kirefu anaelea juu kama gogo, tumbo laini limeangalia chini, na papa mashambulizi yake mengi ni ya kutokea chini kwa spidi. Anachukua mguu, anaondoka, anasubiri damu imalize kazi. Kule nje papa. Tukakubaliana hivo mimi na mjomba, kahawa nikalipa mimi kwasababu yeye ni mjomba.

Sasa mhariri nafika pale nilipokuomba usikate.

Wakati tunabishana kuna mama mmoja anayeuza vitumbua pembeni alisema kitu kimoja, akasema nyie mnaogopa papa ambaye kila Ijumaa mnamla na nazi. Watu wakacheka lakini mimi nililala nalo. Kweli huku mjini watoto wetu wanaogopa kuogelea sababu ya vidio za papa kwenye simu, ila mwaka 2023 dunia nzima, bahari zote, papa waliong'ata watu bila kuchokozwa ni mara 69, waliokufa kumi. Dunia nzima mhariri! Hapa ng'ambo tu Msumbiji, kati ya katikati ya 2006 na Septemba 2008, watafiti walihesabu watu 265 waliouawa na wanyamapori na mamba ndiye aliyeongoza, kawapita simba na tembo. Hao wanakunywa mto mmoja na sisi.

Na tofauti siyo ukali, ni tabia. Papa ni mpita njia. Anahama na maji, anahama na samaki, leo yuko hapa kesho yuko Kilwa, akikung'ata mara nyingi ameshakosea anakutema anaenda zake, pengine na mguu wako lakini hakuwa amekupangia. Mamba ni mkaazi. Ana sehemu yake, anaijua kama unavyoijua baraza yako. Kwenye ngozi ya taya ana vidoa vidogo vyeusi vinavyosikia maji yakitikisika, ndoo ikigonga maji usiku kwake yeye ni kengele ya chakula. Na anajifunza. Anajua akina mama wanakuja saa ngapi, wanasimama jiwe gani, anakuja siku ya kwanza anaangalia, siku ya pili anaangalia, ya tatu hakosi. Na huyo huyo mkatili, jike lake linalinda mayai karibu miezi mitatu, anakaa juu ya kiota hata kula anapunguza sababu ya kenge, na watoto wakilia ndani ya mayai anafukua anawabeba mdomoni mpaka majini, kwenye taya lile lile. Papa akishazaa hana habari na mtoto. Mimi nilishangaa sana kujua hilo, kwamba kati ya hawa wawili mwenye malezi ni mamba.

Nikiwa darasa la tano jirani yetu alichukuliwa. Magharibi, ndoo ya mwisho, alikuwa anataka kuwahi kupika. Tulisikia ndoo tu, ile sauti ya plastiki kwenye mawe. Sitaandika zaidi ya hapo kwasababu watoto wake wapo na wanasoma magazeti. Kesho yake kijiji kizima kikasema huyo siyo mamba wa Mungu ni mamba wa kutumwa, mbona walikuwa wanawake watano akamchagua yeye, mbona karudi pale pale, mbona saa ile ile. Wakatafuta aliyemtuma. Ikaangukia kwa mzee mmoja mnyonge aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa mikorosho na marehemu, akatishiwa, usiku akafungasha akahamia kwa watoto wake Masasi, hakurudi tena. Watu wakaona yamekwisha, mchawi ameondoka. Wakarudi kuteka maji pale pale, jiwe lile lile, magharibi ile ile. Hazikuisha wiki mbili mtoto wa kiume akachanwa paja, aliokolewa na mbwa, mbwa ndo aliyeenda.

Ndo baba na wenzie watatu wakachoka, wakachomeka miti ndani ya maji ikawa kama boma, nguzo nene zimekaribiana, na akina mama wakaanza kuchimba visima vya mchangani hatua kumi na tano kutoka ukingoni, unakwangua mchanga kwa kata maji yanajichuja yenyewe, masafi kuliko ya mto. Bibi alikuwa na kopo amelifunga kwenye mti mrefu kama pondo, anateka amesimama mbali, watu walikuwa wanamcheka. Na saa za kuteka zikawa zinabadilishwa, leo asubuhi kesho mchana. Hakuna aliyechukuliwa pale tena mpaka nahama. Yani zile "mbona" zote tatu, mbona pale pale, mbona saa ile ile, mbona yeye, jibu lilikuwa ni tabia ya mnyama, na yule mzee amekufa Masasi na jina la uchawi.

Kwahiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mamba akila mtu mnaandika, nashukuru, lakini mnaandika urefu wake. Mita tano, mita sita, mara "mamba wa maajabu". Mamba wa habari anakua haraka kuliko wa mtoni, hata yule mamba Gustave wa Burundi aliyeogopwa sana hakuna aliyewahi kumpima kwa futi, wamekisia kwa mbali tu. Urefu haunisaidii mimi. Andikeni ilikuwa saa ngapi. Andikeni alikuwa anafanya nini, anateka, anafua, anavuka, anavua. Andikeni kama ni sehemu ile ile ya mara ya mwisho, na kama pana boma la miti au hapana. Na mwandishi akiambiwa pale kijijini kwamba ni mamba wa kutumwa asiishie hapo akaenda kula, aulize hilo jiwe liko wapi akalitazame.

Nimemaliza mhariri. Huyo ndugu wa Lindi asinichukie, akija Mtwara aulize feri mpaa samaki wa kutoka mtoni, nitampa meno ya papa bure amtengenezee mtoto mkufu. Mjomba kasema barua ikitoka nimpelekee gazeti Msimbati, miwani yake ameikalia kwahiyo nitamsomea mwenyewe, ila ile hukumu ya mdomo wa Ruvuma nitairuka.

Mpaa samaki, Feri, Mtwara